Hagler Hakudhulumiwa

Kuna hukumu ambazo wapenzi wa masumbwi walishazipigia muhuri, na ya kwanza kati ya hizo ni kwamba usiku wa tarehe 6 Aprili 1987, katika ulingo wa nje wa Caesars Palace, Las Vegas, Marvelous Marvin Hagler aliibiwa mkanda wake. Itaje kijiweni, iwe Dar es Salaam au Mombasa, mbele ya watu waliovuka miaka hamsini, uone. Hakuna atakayeuliza kama aliibiwa. Watabishana tu mwizi ni nani: majaji, mapromota, televisheni, au Sugar Ray Leonard mwenyewe na tabasamu lake. Vijana ambao siku hiyo hawakuwa wamezaliwa wameirithi imani hii ilivyo; wanafungua video kwenye simu wakiwa tayari wameshaambiwa watakachokiona, na kwa kweli wanakiona.

Mimi nasema Leonard alishinda. Alishinda kwa wembamba, lakini alishinda, na mtu aliyemsaidia kuliko wote usiku ule ni Hagler.

Wanavyosema

Hoja yao nitaiweka kama wanavyoiweka wenyewe, bila kuikata miguu.

Hagler wa Brockton, Massachusetts, alikuwa bingwa wa uzito wa kati tangu tarehe 27 Septemba 1980, alipomchapa Alan Minter kwa raundi tatu pale Wembley, London, kisha akaondoka ulingoni huku mashabiki wenye hasira wakivurumisha chupa. Ubingwa akautetea mara 12. Hakuwa amepoteza pambano tangu 1976. Aprili 1985 alimmaliza Thomas Hearns ndani ya raundi tatu ambazo hadi leo zinatajwa miongoni mwa raundi kali kuliko zote. Upande wa pili yuko Leonard: kafanyiwa upasuaji wa jicho mwaka 1982, kastaafu, karudi Mei 1984 kupigana na Kevin Howard, kaangushwa sakafuni, kainuka kashinda, kastaafu tena usiku uleule. Pambano moja katika miaka mitano. Mtu wa namna hiyo anatoka nyumbani, anapanda uzito, anakwenda moja kwa moja kwa Hagler, na baada ya raundi 12 anatangazwa bingwa kwa majaji wawili dhidi ya mmoja: Dave Moretti 115–113 kwa Leonard, Lou Filippo 115–113 kwa Hagler, na Jo Jo Guerra 118–110 kwa Leonard.

Na alishindaje? Kwa kukimbia, wanasema. Hagler ndiye aliyesonga mbele usiku kucha, Hagler ndiye aliyepiga ngumi zenye uzito. Leonard alicheza dansi, akakumbatia, akasubiri zibaki sekunde thelathini kila raundi, ndipo akamwaga ngumi nyepesi za kuwapumbaza majaji. Bingwa wa miaka sita na nusu havuliwi mkanda kwa ujanja wa namna hiyo. Mkanda hunyang'anywa, hauombwi.

Ndiyo yote hiyo. Ni hadithi tamu: ina mchapakazi, ina mtanashati wa televisheni, ina majaji wa kulaaniwa. Kasoro yake ni moja tu, kwamba pambano lenyewe halimo.

Kwanza: "Alikuwa akisonga mbele"

Anayemkimbiza kuku uani naye husonga mbele tangu mwanzo hadi mwisho, na bado hatujamvisha mtu mkanda kwa hilo.

Majaji wa ngumi za kulipwa hutazama mambo manne: ngumi safi zilizofika, ushambuliaji wenye matunda, nani anautawala ulingo, na ulinzi. Mashabiki wa Hagler wamechukua nusu ya jambo la pili, wakalifuta "wenye matunda", wakatupa mengine yote, halafu wanawashangaa majaji kwa kutojua kazi yao.

Tutazame hayo matunda. Hesabu ya CompuBox ya usiku ule inasema Hagler alirusha ngumi 792 na zilizofika ni 291. Leonard alirusha 629, zikafika 306. Yaani huyo "mkimbizi" alipiga zaidi, kwa ngumi chache zaidi. Karibu nusu ya alizorusha zilifika. Za Hagler zilizofika ni zaidi kidogo ya theluthi. Ngumi 501 za bingwa ziliishia hewani, kwenye glovu na kwenye mikono ya Leonard. Najua hesabu hizi hufanywa na watu wanaobonyeza vitufe pembeni ya ulingo, na watu hukosea. Ziondoe ukitaka. Lakini anayetaka kuniambia kwamba ngumi moja baada ya nyingine ilikuwa ikimfikia Leonard usiku kucha, aniletee hesabu nyingine, asiniletee kumbukumbu ya babu yake.

Na utawala wa ulingo? Mtazame Hagler anakanyaga wapi. Leonard anazunguka, Hagler anamfuata; Leonard anasimama, Hagler anasimama; Leonard anabadili upande, Hagler anageuka. Kati ya hao wawili ni nani aliyekuwa akimpeleka mwenzake?

Kinachonichekesha ni kwamba hawahawa, ukiwahamishia Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974, wanasahau kanuni yao yote. George Foreman alisonga mbele kuliko Hagler alivyowahi kusonga mbele maishani mwake. Muhammad Ali aliegemea kamba. Kwa sheria ya "anayesonga mbele ndiye anayeshinda", Foreman alikuwa anaongoza kwa mbali hadi alipoangushwa raundi ya nane. Kadi za majaji zinasema kinyume: Ali alikuwa akiongoza kwenye kadi zote tatu. Sijasikia mtu yeyote, Kinshasa wala Bagamoyo, akilia kwamba Foreman alikuwa ameibiwa raundi. Ali akirudi nyuma ni akili. Leonard akirudi nyuma ni woga.

Pili: "Bingwa havuliwi mkanda kwa pointi"

Hii ndiyo hoja inayopendwa zaidi, na ndiyo inayoumbuka vibaya zaidi, kwa sababu aliyewahi kuumizwa nayo ni Hagler mwenyewe.

Tarehe 30 Novemba 1979, Caesars Palace hiyohiyo, Hagler alikuwa mpinzani na bingwa alikuwa Vito Antuofermo. Walicheza raundi 15. Jaji mmoja akampa Hagler, wa pili akampa Antuofermo, wa tatu akatoa sare, na matokeo yakawa sare. Mkanda ukabaki kwa bingwa. Muulize shabiki yeyote wa Hagler kuhusu usiku huo na atakwambia, akiwa ameshika kifua, kwamba mtu wake alidhulumiwa. Muulize kwa nini. Atasema: kwa sababu alipiga vizuri zaidi katika raundi nyingi zaidi.

Sawasawa kabisa. Ila walioitetea sare ile walikuwa na jibu moja tu, kwamba mpinzani hakufanya ya kutosha kumvua bingwa mkanda. Miaka saba na miezi minne baadaye jibu hilo, lililokuwa kashfa, likageuka kuwa katiba. Mwaka 1979 raundi zinahesabiwa; mwaka 1987 inahesabiwa heshima ya aliyeshika mkanda. Kitu pekee ambacho hakikubadilika ni jina la mtu wanayemtetea. Mwamba ngoma huvutia kwake, sawa, lakini asituambie kwamba anachovutia ni sheria.

Katika mfumo wa pointi kumi, kila raundi huanza upya. Hakuna kisanduku kwenye kadi ya jaji kilichoandikwa "bingwa". Anayetaka kisanduku hicho kiwepo ajue kwamba kwa kutumia kisanduku hichohicho Antuofermo alistahili kubaki na mkanda wake, na machozi ya 1979 yafutwe leo.

Tatu: zawadi ya raundi mbili

Hapa nitakaa kidogo, maana pambano liliishia hapa kabla halijachangamka.

Kengele ya kwanza inalia. Hagler, ambaye dunia nzima inamjua kwa kupigana kwa mashoto, anatoka kona yake ametanguliza mguu wa kushoto, kwa mkao wa bondia wa mkono wa kulia. Silaha iliyomfanya aogopwe, ule mkono wa kulia wa mbele unaokuja kwa pembe ambayo wapinzani hawaizoei, ameiacha stuli ya kona. Leonard anazunguka, anagusa, anatoka. Ngumi ya mbele mara mbili, mkono wa kulia, hatua ya pembeni, kumbatio. Hagler anapiga mahali ambapo Leonard alikuwa amesimama nusu sekunde iliyopita. Raundi inakwisha. Ya pili inaanza, na mkao ni uleule.

Kwa nini? Hagler alijua kupigana kwa mikono yote miwili na alijivunia hilo. Alitaka kuonyesha kwamba anaweza kumshinda fundi kwa ufundi. Ilipofika raundi ya tatu akarudi kwenye mashoto yake, na toka hapo tukaanza kuliona pambano.

Majaji wote watatu walimpa Leonard raundi hizo mbili. Filippo naye alimpa, huyohuyo ambaye kadi yake mashabiki wa Hagler wanaibusu. Na mashabiki wenyewe hawabishi. Wao hutumia neno zuri, "alizitupa". Alizitupa! Mtu anatupa raundi mbili kati ya 12 mbele ya majaji watatu, kisha miaka karibu arobaini watu wanazitafuta kwenye mfuko wa Leonard.

Sasa tufanye hesabu ndogo ambayo haifanywi kijiweni. Zimebaki raundi kumi. Ili Hagler ashinde, anahitaji saba kati ya hizo kumi. Ili apate sare tu, anahitaji sita. Kwa hiyo anayesema Hagler alishinda anasema kwamba, kuanzia raundi ya tatu, Leonard alishinda raundi tatu tu kati ya kumi. Na anayesema aliibiwa anakwenda mbali zaidi: anasema hakuna mtu mwenye macho na nia njema ambaye angeweza kumpa Leonard zaidi ya hizo.

Raundi ya nne je? Ndiyo ile ambayo Leonard aliuzungusha mkono wa kulia hewani kwa madaha, Hagler akiutazama, kisha akalitumbukiza konde tumboni mwa bingwa. Hiyo ni ya nani? Ya 11, ambayo Leonard, akiwa amechoka waziwazi, kila alipopigwa alijibu kwa mpigo mwingine, ni ya nani? Hapo umebakiwa na moja ya kumpa. Ya tatu hukuigusa bado, wala ya sita, wala ya 12.

Raundi ya tisa

Lazima niseme kuhusu hii, kwa sababu ndiyo inayochezwa kila mtu anapotaka kuthibitisha wizi. Hagler anamfikia kwa mkono wa kushoto, Leonard anayumba, anabanwa kwenye kona. Kwa sekunde kadhaa inaonekana yameisha. Miguu haimpeleki tena, kamba ziko mgongoni, na mbele yake yuko mtu aliyemmaliza Hearns. Leonard anarusha mikono. Si dansi tena. Anapigana, ngumi nne, tano, sita mfululizo, anatoka, anabanwa tena, anarusha tena.

Mimi nampa Hagler raundi hiyo. Ya tano pia, maana mwishoni konde la chini kwenda juu lilimlegeza Leonard magoti. Ya saba, ya nane na ya kumi nazo ni zake. Jumla tano. Sikusema Hagler hakupigana. Lakini raundi ya tisa, pamoja na moto wake wote, ina pointi kumi tu kama ya kwanza iliyokuwa baridi. Watu hukumbuka moto, majaji hujumlisha raundi.

Nne: sekunde thelathini

Wanasema Leonard "aliiba" raundi kwa kuamka mwishoni. Kwamba kona yake ilikuwa ikimpigia kelele zikibaki sekunde thelathini, naye akifungulia ngumi.

Kelele hizo zilipigwa mbele ya watu zaidi ya 15,000. Hagler alizisikia, au kona yake ilizisikia, ndugu wawili Goody na Pat Petronelli, watu waliomlea kwenye ngumi tangu mwanzo. Mwizi gani huyu anayetangaza saa ya kuiba, raundi baada ya raundi? Na kama sekunde thelathini za Leonard zilitosha kufunika sekunde 150 za Hagler, ina maana gani kuhusu zile 150? Raundi ambayo Hagler aliitawala kweli, kama ya tano, haikuibika. Zilizoibika ni zile ambazo ndani yake hakukuwa na mengi ya kulinda.

Hoja nzito kuliko zote katika eneo hili, ambayo kwa ajabu hawaitumii sana, ni ya kukumbatia. Leonard alikumbatia mno, na refa Richard Steele hakumkata pointi hata moja. Ningekuwa wakili wa Hagler ningeanzia hapo. Lakini hata hiyo, ipeleke kwenye kadi: mkate Leonard pointi moja, Moretti anasoma 114–113, bado Leonard.

Tano: kadi ya Guerra

118–110 ni kadi mbovu. Kumpa Hagler raundi mbili tu kati ya 12 ni kuangalia pambano jingine. Sina namna ya kuitetea na sitajaribu.

Ila kadi mbovu haimgeuzi mshindi kuwa mshindwa. Jaji anaweza kukosea kwa raundi tatu na bado akamtaja mtu sahihi. Septemba 2017, Las Vegas hiyohiyo, Adalaide Byrd alitoa 118–110 kwa Canelo Álvarez dhidi ya Gennady Golovkin, dunia ikacheka. Pale kadi mbovu ilikuwa upande usiostahili, na ndiyo maana ilikuwa dhuluma. Kwa namba zilezile, makosa yanatofautiana.

Na sasa lile ambalo mashabiki wa Hagler wangependa lisiandikwe. Guerra hakuwa amepangwa mwanzoni. Kiti kile kilikuwa cha Harry Gibbs, Mwingereza, mmoja wa waamuzi wazoefu wa enzi zile. Kambi ya Hagler ndiyo iliyomkataa, na nafasi yake akaletwa Guerra kutoka Mexico. Gibbs akarudi kwao, akaliangalia pambano kwenye televisheni, akasema angempa Hagler. Mchuma janga hula na wa kwao. Waliokula hapa ni mashabiki, ambao hadi leo wanamtafuta aliyepanga njama ya kumleta Guerra, na kila uchunguzi ukifanywa kwa uaminifu unaishia kwenye mlango wa nyumba yao.

Sita: mkataba

Hili halihitaji maneno mengi. Leonard alitaka raundi 12 badala ya 15, ulingo mpana wa futi 20, na glovu za aunsi kumi. Hagler alitaka fedha zaidi, akahakikishiwa dola milioni 12 dhidi ya milioni 11 za Leonard. Kila mmoja alipata alichokiomba. "Zingekuwa raundi 15 Hagler angemmaliza," wanasema. Huenda. Na zingekuwa 20 huenda Steele angezimia. Chama cha WBC, chenye mkanda uliogombewa usiku ule, kilikuwa kimeshapunguza raundi zake hadi 12 baada ya bondia wa Korea Kusini, Duk Koo Kim, kufariki kufuatia pambano lake na Ray Mancini mwezi Novemba 1982. Hagler alisaini 12 akijua kuhesabu.

Saba: "Hagler alikuwa ameisha"

Hoja hii huletwa zile nyingine zikichoka, na sisi wa Afrika Mashariki tunaipenda kwa sababu ndani yake yumo mtu wetu. Tarehe 10 Machi 1986 Hagler alikutana na John Mugabi wa Uganda, mshindi wa medali ya fedha ya Olimpiki ya Moscow, bondia ambaye hakuwa amepoteza pambano na ambaye kila aliyemshinda alimshinda kwa KO. Mugabi alimpa Hagler usiku mrefu wa mateso kabla ya kumalizwa raundi ya 11. Leonard alikuwa ameketi pembeni ya ulingo, na hapo ndipo alipojiambia kwamba huyu bwana anafikika. Kwa kiasi fulani, aliyelifungua pambano la 1987 ni Mganda.

Lakini angalia wanachofanya na habari hii. Asubuhi wanasema Hagler alimshinda Leonard waziwazi akaibiwa. Jioni wanasema Hagler alikuwa ameshachoka, Mugabi alikuwa amemmaliza, Leonard alimvizia mzee. Chagueni. Kama alikuwa ameisha, basi hakuna ajabu kwamba alishindwa kwa wembamba na fundi mwenye kasi. Kama hakuwa ameisha, acheni kumtumia Mugabi.

Isitoshe, dalili zilikuwepo kabla ya Mugabi. Novemba 1983 Roberto Durán, mtu aliyeanzia uzito mdogo na mwenye umri wa miaka 32, alimpeleka Hagler raundi zote 15. Baada ya raundi 13 Durán alikuwa mbele kwa pointi moja kwenye kadi mbili na sawa kwenye ya tatu. Hagler aliokolewa na raundi mbili za mwisho. Hagler aliyemla Hearns alimla kwa sababu Hearns alikubali kupigana naye ana kwa ana. Alipokutana na mjanja asiyetaka vita, alisita. Ndivyo ilivyokuwa 1983, na ndivyo ilivyokuwa raundi mbili za kwanza za 1987. Leonard, ambaye kabla ya hapo, mwaka 1981, alikuwa amemshinda Mganda mwingine, Ayub Kalule, kwenye uzito ulio chini ya huo, alikuwa ameliona pengo hilo vizuri kuliko wachambuzi wa kijiweni.

Gharama yake

Mtu ataniuliza: inakuuma nini? Waache watu na hadithi yao.

Inaniuma kwa sababu hadithi hii ina bili, na wanaoilipa ni wengine. Ingia kwenye kumbi zetu za mazoezi umwone kijana wa miaka 17 anafundishwa kuingia na uso, aonekane anasonga mbele, kwa sababu watazamaji wanalipenda hilo na majaji wanaogopa watazamaji. Anayerudi hatua mbili na kupiga akitoka anazomewa. Kocha anamwambia asimame apigane kiume. Kichwa cha kijana ndicho kinacholipa deni la imani kwamba ulinzi ni woga. Hagler mwenyewe alikuwa na ulinzi wa hali ya juu, hilo hawamwigi.

Bili ya pili: neno "dhuluma" limekwisha thamani. Tarehe 10 Septemba 1993 Pernell Whitaker alimfundisha Julio César Chávez pale San Antonio, akapewa sare. Tarehe 13 Machi 1999 Lennox Lewis alimshinda Evander Holyfield pale Madison Square Garden, akapewa sare. Huo ndio wizi wa mchana. Ukiliweka pambano la Hagler na Leonard kwenye rafu hiyohiyo, unawasaidia majaji wa mapambano yale mawili: yote yanakuwa "maoni tu", kila mtu ana kadi yake, twendeni nyumbani.

Wa tatu anayelipa ni Hagler. Alifariki tarehe 13 Machi 2021, na taarifa nyingi za msiba zilirudi palepale, kwamba aliibiwa. Mtu aliyepanda ulingoni mara 67 akashinda 62, kisha akaondoka kwenye mchezo huu akiwa na akili zake na fedha zake, amefanywa mtu wa kuhurumiwa. Raundi mbili za mwanzo alizichagua yeye. Ulingo na glovu alivisaini yeye. Jaji alikataliwa na watu wake. Waliojiita watetezi wake wameyafuta yote hayo, wakambakishia nafasi ya mtu aliyetendewa tu.

Marudiano

Hapa nampa mpinzani wangu haki yake. Hagler aliomba marudiano na hakuyapata. Leonard alimkwepa, akaacha mkanda, na Hagler akastaafu mwaka 1988 akiwa amechoka kungoja. Leonard alipokuja na ofa yake mwaka 1990, Hagler alikuwa Milan anaigiza filamu, akakataa. Kukwepa huko hakukuwa kwa kiungwana. Lakini kosa la 1988 halibadilishi raundi za 1987.

Na Leonard ni mtu anayeweza kukiri. Juni 1989 alirudiana na Hearns, akaangushwa mara mbili, akapewa sare, na baadaye akasema mwenyewe kwamba Hearns ndiye aliyestahili. Kuhusu Hagler hajawahi kusema hivyo. Hagler alidai kwamba Leonard alimnong'oneza maneno ya kukubali kushindwa pale walipokumbatiana baada ya kengele ya mwisho, Leonard alikana. Hilo liko kati yao wawili na mmoja hayupo.

Kwa hiyo siku nyingine mtu akikwambia Hagler aliibiwa, usibishane naye kuhusu roho, wala ushujaa, wala Las Vegas na tamaa zake. Mwombe akutajie raundi saba za Hagler, kwa namba. Ya kwanza na ya pili haruhusiwi kuzitaja.